Namba moja, risiti mbili: kwa mnaoanza kuandika programu

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilipewa kibarua na mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Alitaka kila mzigo unaoingia stoo upewe namba, mteja aondoke na risiti, akirudi aitaje namba na kutolewa magunia yake. Nikaandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, namba zikitolewa kwa nasibu; jioni mbili tu, nikalipwa. Wiki ya tatu simu ikalia saa kumi na mbili asubuhi. Watu wawili wamesimama mlangoni, kila mmoja na risiti yake, namba ileile. Mmoja ametoka Ukerewe, ana magunia manne. Mwenzake kumi na moja. Makuli wamekalia mizigo, wanangoja kuona nani atashinda.

"Kijana, hii kompyuta yako imekunywa nini?" mwenye stoo akaniuliza.

Kosa lilikuwa mstari mmoja, nami niliuongeza kwa kujifanya mjuzi:

random.seed(int(time.time()))

Seed ni mbegu, yaani namba ambayo kompyuta huanzia kutengeneza namba za nasibu. Panda mbegu ileile, utavuna mlolongo uleule, herufi kwa herufi. Programu yangu ilipanda upya kila risiti, kwa kufuata sekunde ya saa. Stoo ilikuwa na meza mbili. Makarani wakibonyeza ndani ya sekunde moja, wanapata mapacha. Nilipopiga hesabu nikaona baya zaidi: siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo namba zangu za herufi sita, nilizojivunia sana, kwa siku nzima hazikuweza kuzidi 86,400. Anayejua mzigo uliingia saa ngapi angekisia namba bila kutoka jasho. Wadogo zangu, ule mstari haukuhitajika kabisa. Python ukiiacha hujitafutia mbegu yenyewe kutoka kwenye mfumo endeshi wa kompyuta.

Hata hivyo, kwa kitu chenye thamani msitumie random, ile moduli ya Python ya namba za nasibu. Ndani yake kuna Mersenne Twister, kanuni waliyoibuni Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura mwaka 1997. Kwa michezo na majaribio ni nzuri mno, lakini aliyeona matokeo yake 624 mfululizo ya biti 32 anaweza kukokotoa yote yanayofuata. Tangu Python 3.6 ipo moduli ya secrets, ya kazi hii hasa. Siku hizi naandika hivi:

herufi = "BCDFGHJKLMNPQRSTVWXYZ23456789"
namba = "".join(secrets.choice(herufi) for _ in range(8))

Angalieni nilichoacha. Sifuri na moja hazipo, kwa sababu kwenye risiti iliyolowa maji ya samaki hufanana na O na I. Irabu nazo nimezitoa zote: kwa Kiswahili, ukizibakiza irabu, ipo siku mashine itamchapia mteja MBWA, na hapo umuelezee habari ya nasibu.

Zimebaki 29. Kwa nafasi nane ni zaidi ya bilioni 500, lakini msilewe na ukubwa huo. Kugongana huanza mapema kuliko mtu anavyodhani. Tarakimu nne zina namba 10,000, ila ukishatoa risiti 119 hivi, nafasi ya mbili kufanana imeshavuka nusu. Kwa hiyo hata ukiwa na bilioni, weka UNIQUE, sharti la kukataa namba iliyokwisha kutumika, kwenye safu ya namba katika hifadhidata, na programu ikikataliwa ijaribu namba nyingine. Mimi sikuweka. Ningeweka, wale wawili wasingekutana mlangoni. Ilibidi tufungue magunia, tukalinganisha kamba za kufungia, na yule wa Ukerewe alichelewa meli.

Jambo la mwisho halimo kwenye kompyuta. Kabla sijakabidhi mfumo, namba kumi za kwanza namsomea shangazi kwa simu, yeye akiwa gengeni kwake karibu na kivuko cha Kamanga, kwenye honi na wapiga debe. Anaandika kwenye daftari la madeni, kisha ananisomea. Mara ya mwisho mbili zilirudi zimebadilika, M imekuwa N. Nikaifuta N, zikabaki 28, nikampigia tena.