Maswali ya Wasomaji: Makabati Mawili, Vitu Hamsini na Viwili

SWALI: Shikamoo mama. Sisi ni wanafunzi sita wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tumeruhusiwa kuandaa onesho dogo maktabani kuhusu wanafunzi wa Mlimani wa miaka ya 1960, nasi tumepewa makabati mawili ya kioo. Tumekwisha kukusanya picha na nyaraka hamsini na mbili, pamoja na toleo moja la gazeti la Cheche tuliloazimwa na mzee aliyesoma hapa zamani. Wenzangu wanataka vyote viwekwe. Pia tunaogopa kuyagusa maandamano ya 1966, kwa kuwa mpaka leo watu hawajakubaliana juu yake. Tufanyeje?
Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mtu anayepita mbele ya kabati lenu amekuja maktabani kutafuta kiti kabla viti havijajaa, na mkoba uko begani. Mkimpata kwa dakika mbili mmefanya kazi kubwa. Katika dakika hizo hawezi kuona vitu hamsini na viwili. Anaweza kuona sita au saba, iwapo vyote vinamjibu swali moja. Kwa hiyo acheni kwanza kuhesabu vitu, mtafute swali, na swali lenyewe naliona limo humo humo katika jambo mnaloliogopa.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, na wengi wao walirudishwa mwaka uliofuata. Baina ya hayo mawili, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Novemba 1969, kwenye kilima kile kile, kundi la wanafunzi wanamapinduzi ambalo mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni likaanzisha Cheche, nalo likailaumu Serikali kwa kutoufuata ujamaa vya kutosha. Mwaka mmoja baadaye gazeti hilo likapigwa marufuku. Tazameni jinsi upepo ulivyogeuka katika miaka mitatu tu! Basi swali lenu ni hili: aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima alidaiwa nini na taifa lake, na yeye mwenyewe aliona anadaiwa nini? Kitu chochote kisichogusa swali hilo, hata kiwe kizuri namna gani, kirudi ndani ya bahasha.

Kuhusu woga wenu, nawasihi msiyaruke maandamano hayo. Onesho likiyaruka, kila mzee atakayepita ataona pengo, na hatawaamini tena hata katika yale mliyoyasema kweli. Wapeni wote waliohusika nafasi sawa, kwa maneno yasiyo na hasira. Maelezo chini ya picha yanaweza kuwa hivi: “Oktoba 1966. Serikali inawataka wahitimu kulitumikia taifa kwa miaka miwili, muda mwingi wakilipwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wanaandamana hadi Ikulu. Mwalimu Nyerere anawafukuza karibu 400, kisha anaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.” Hapo hamjamtetea wala kumhukumu mtu, na msomaji ana la kufikiri njia nzima. Andikeni Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa zinazosomeka kwa kusimama, kisha Kiingereza, maana mlinzi na mfanya usafi nao hupita hapo kila siku na historia hii ni yao pia.

Cheche lipeni kabati karibu zima. Nimeshika magazeti mengi ya stensili ya miaka ile: wino wa mashine ya kurudufu huwa umeziba matumbo ya herufi “e” na “a”, na pini huwa zimeacha alama mbili za kutu pembeni mwa karatasi. Mwonesheni mtazamaji alama hizo, ajue kwamba gazeti lililoitia Serikali wasiwasi lilipigwa chapa na vijana wa umri wake, karatasi kwa karatasi.

Lakini karatasi ya namna hiyo ni dhaifu. Liwekeni mbali na dirisha, mwanga usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na msililaze wazi kwa nguvu hadi mgongo ukapasuka. Lipeni mto wa kuliegemeza. Shikeni kwa mikono mikavu iliyooshwa. Selotepu isikaribie kabisa. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii ya kuandaa maonesho, katika maktaba moja, tulibandika kwa selotepu picha ya harusi tuliyoazimwa, na siku ya kuibandua ilitoka na uso wa bibi harusi. Mwenyewe hakuwa na nakala nyingine. Mpaka leo naukumbuka ukimya wake.

Kwa hiyo mzee wenu apewe hati ya kuazima yenye orodha ya vitu, hali ya kila kimoja na tarehe ya kurejesha, na picha zake, kama amewaazima, zipigwe nakala ili nakala ndizo zioneshwe. Mwombeni pia, akiridhia, aache nakala katika mkusanyo wa East Africana hapo hapo maktabani, kwa sababu onesho litaondolewa baada ya wiki chache na mwenzenu wa mwaka 2050 atazihitaji.

SWALI: Tunataka kupiga chapa kwenye bango shairi lililotoka gazetini mwaka 1975. Gazeti ni la maktaba. Je, tunahitaji ruhusa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndiyo. Maktaba inamiliki karatasi, shairi ni la mtunzi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, kazi hulindwa muda wote wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwandikieni yeye, au familia yake, barua ya nusu ukurasa mkieleza bango litakaa wapi na kwa muda gani, na jina lake liandikwe chini ya shairi kwa herufi zinazolingana na za shairi lenyewe.