Meza ya Mjomba: Ukikosa, mpira mweupe utalala wapi?

SWALI: Shikamoo mjomba. Hapa mtaani tumeanza kucheza shimo moja, ule mchezo wa meza ya pool, kama ulivyotueleza. Kwa kuingiza mipira hakuna anayenigusa. Lakini kuna mzee mmoja, fundi cherehani, hapigi kwa nguvu, nusu ya mipigo yake haiingizi kitu, na kila Jumamosi ananifunga. Juzi 8 kwa 3. Nakosea wapi? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Marahaba. Huyo fundi cherehani ningependa nikutane naye.

Kwa waliokosa toleo lile: mipira ni 15 na mweupe wake, ila kati ya mashimo sita, lako ni moja tu, la pembe, upande ule mipira inakopangwa pembetatu. La pembe ya pili ni la mwenzako. Mpira wowote ni halali, na wa kwanza kufikisha 8 ameshinda. Ukiuingiza kwenye shimo lake, umemhesabia yeye. Ukitumbukia kwenye yale manne yasiyo na mwenyewe, unarudishwa mezani na zamu yako imekwisha.

Mimi nimekulia Tanga kwa babu ambaye baada ya Alasiri hakuwa na kazi nyingine ila bao. Kwenye bao la Kiswahili ukiwa na cha kula lazima ule. Takata, yaani kuzungusha kete bila kula, ni ya aliyekosa. Shimo moja ni kinyume chake. Cha kula kipo mbele yako, na bado una ruhusa ya kutakata, yaani kupiga bila kuingiza. Wewe mpwa wangu unacheza kama mtu anayelazimishwa kula.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilijifunza mchezo huu Louisville, Kentucky, Marekani, nilikokaa miaka 11 nikipakia mizigo usiku. Alfajiri moja tuko 5 kwa 5 na mzee mmoja wa pale. Mpira wa bluu uko shubiri moja na shimo langu, lakini mweupe umegandana na ukingo wa mbali, fimbo haipati hata mahali pa kuushika vizuri. Nikapiga. Bluu ikagonga taya la shimo, ikatoka. Mweupe ukatembea taratibu hadi katikati ya meza, ukasimama hapo kama sinia la wageni. Mzee akapaka chaki, akaingiza mitatu mfululizo, mchezo ukaisha. Halafu akaniuliza swali moja: ulijua mweupe ungekwenda wapi ukikosa? Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo kabla ya kuinama, jiulize hilo. Kama shimo lako ni la kulia na lake la kushoto, unataka mweupe ulale upande wake, kushoto, umebanwa na ukingo. Kwa nini? Akipiga kutoka huko, mipira inasukumwa kulia, yaani kwako. Ili apeleke kwake lazima agongeshe ukingo wa pili au akate mpira mwembamba kama wembe. Ndiyo maana hata pigo la kufungua halipasuliwi kwa nguvu: unagusa rundo kwa ubavu wa upande wake, mipira michache inateremka kuelekea kwako, na mweupe unajikunja unalala kwenye ukingo wake. Anaanza mchezo akiwa jela.

Ukibanwa wewe je? Usipige kwa hasira. Sukuma mweupe kidogo kwa makusudi mpaka mahali pabaya zaidi kwa mwenzako, ule faulo, ulipe mpira mmoja kati ya uliokwisha kuingiza, urudi mezani. Vijana wanaona aibu kulipa. Afadhali ulipe mmoja kuliko kumfungulia mitano. Ila hesabu, maana faulo tatu mfululizo umepoteza mchezo.

Tena tazama hesabu. Ukiwa mbele 6 kwa 2, ondoa mipira iliyo karibu na mashimo yenu, ipeleke mwisho wa pili wa meza, kule inakogharimu jasho kuirudisha. Ukiwa nyuma, iache karibu, maana bila mipira karibu huna cha kuokota.

Ukitaka kuona haya yote kwa mtu mmoja, tafuta video za Efren Reyes, Mfilipino aliyezaliwa 1954, kwenye Derby City Classic, mashindano yaliyoanza 1999 ambayo huchezwa Januari huko huko jirani na Louisville. Usimtazame anapoingiza. Tazama anapotakata.

SWALI: Meza yetu ni ya kutumbukiza tokeni. Mpira ukishaingia haurudi, sasa wa faulo tunaurudishaje? *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Zibeni mashimo yote sita kwa matambara, mpira unaswe juu muutoe kwa mkono. Lakini semeni kwanza na mwenye meza, mlipe kwa saa. Najua kuna wanaoziba kwa gazeti wakacheza bure usiku kucha. Mimi nina meza mbili na nawajua kwa sura.

SWALI: Mwanangu ana miaka 14, namfunga kila siku, ameanza kukata tamaa. Nimwachie? *Mama, Dodoma*

JIBU: Usimwachie, atakugundua na itamuuma zaidi. Badilisha hesabu: wewe ufikishe 10, yeye 6. Akikufunga mara tatu mfululizo, rudini 9 kwa 7. Na jamani dada, huyo mtoto akija Tanga likizo mlete.