Nahamia nje kuishi ufukweni kwa bei nafuu: AC na chumvi vitanila kiasi gani?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mwakani nahama kabisa, naenda nchi ya joto, kisiwani, nimeambiwa maisha kule ni bei chee na kazi yangu ni ya laptop kwa hiyo naweza kukaa popote. Nimepata nyumba mtandaoni, ipo karibu kabisa na maji, kodi yake ndogo mpaka nimeshangaa ila umeme najilipia mwenyewe. Ina AC moja chumbani, mwenye nyumba anasema ni nzima. Naomba kujua hiyo AC itakula umeme kiasi gani kwa mwezi, ni kweli vitu vinaliwa na chumvi au ni maneno ya watu tu, na vyombo vyangu vya umeme nibebe au niuze? Asante.

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hongera kwa kuuliza kabla hujatuma hela, wengi wananiuliza wakishafika. Hiyo kodi ndogo sisemi unatapeliwa, ila nyumba za ufukweni zina tabia moja, kile ulichookoa kwenye kodi unakilipa kwenye mita na kwenye vitu vinavyokufa kabla ya siku zake. Uzuri ni kwamba vyote viwili unaweza kuvikadiria ukiwa hapo hapo ulipo.

Tuanze na umeme. Hesabu ni wati mara masaa, gawanya kwa 1,000, unapata uniti. AC ya chumba cha kawaida huwa ni ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), ndo hiyo watu wanaiita ya hospawa moja, na kompresa, ile pampu ya gesi kwenye mashine ya nje, ikiwa inazunguka inavuta kama wati 800 hadi 900. Ukiiwasha usiku tu masaa 8, kompresa inawaka na kupumzika, utakula uniti 4 au 5. Sasa we unafanya kazi nyumbani, maana yake mchana nayo inawaka, na mchana jua liko juu ya paa, kompresa haipati muda wa kupumzika, hapo weka uniti 6 au 7 nyingine. Jumla kwa mwezi unaongelea uniti 300 na kitu, hiyo ni AC peke yake kabla hujahesabu kitu kingine. Friji ndogo nzuri inakula kama uniti moja kwa siku, laptop haifiki hata nusu uniti, na feni ya dari ya wati 60 ukiiacha izunguke usiku na mchana bila kuzima haifiki uniti moja na nusu. Yaani humo ndani mlaji ni mmoja tu, wengine wote wanasingiziwa.

Kama ni inveta, zile ambazo kompresa inapunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, unaweza kuokoa sana, hasa kwa mtu kama wewe anayewasha masaa mengi mfululizo. Mtu anayewasha nusu saa kabla ya kulala afu anazima, faida yake haioni.

Zidisha hizo uniti kwa bei ya kule unakoenda, lakini uliza bei ipi. Nchi nyingi bei inapanda kwa ngazi, kadiri unavyotumia ndo uniti inakuwa ghali, kwa hiyo bili ya mpangaji aliyekuwa anaishi na feni tu haikuhusu. Thailand kwa mfano ni kawaida mwenye nyumba kukutoza umeme kwa bei yake mwenyewe kwa uniti, juu ya ile ya shirika la umeme, na hilo liko kwenye mkataba ukiusoma. Indonesia kuna jambo jingine kabisa, nyumba inaunganishwa kwa kiwango maalum cha umeme inachoweza kuvuta kwa mara moja, VA 900, 1,300, 2,200 na kuendelea (VA ichukulie kama wati), sasa ukipata nyumba ya 1,300 AC ikiwa inazunguka ukachomeka na pasi, breka inadondoka na unabaki gizani. Hilo halina uhusiano na ubovu wa nyaya, ndo kiwango ulicholipiwa, na kukiongeza ni gharama ambayo mtajadili nani anailipa.

Haya, sasa kitu ambacho hukuuliza lakini ndo kitakachokusumbua kuliko joto lenyewe: unyevu. AC inafanya kazi mbili kwa pamoja, inapoza hewa na inaitoa maji. Ule mpira unaotiririsha maji nje, tega ndoo chini yake siku moja ya joto uone, ni lita kadhaa kabla ya chakula cha jioni, na hayo maji yote yalikuwa hewani humo chumbani mwako. Watu wakihamia pwani wanaweka digrii 18 wakidhani wanakomoa joto. Kando ya bahari kwenye nchi hizo hewa ina maji mengi kiasi kwamba kitu chochote chenye ubaridi chini ya digrii 24 au 25 hivi kinatoka jasho, kama chupa iliyotoka kwenye friji. Ukapoza ukuta wako mpaka 18, afu ukafungua mlango hewa ya nje ikaingia, ukuta unaloa. Nyuma ya kabati ambako hewa haipiti ndo ukungu unaanzia, unakuja kuugundua siku unatoa viatu vya ngozi vina manyoya ya kijani. Weka 26, washa na feni, mwili utahisi ubaridi ule ule. Feni haipozi chumba, inapoza ngozi, kwa hiyo ukitoka chumbani izime.

Usikubali pia kuuziwa AC kubwa kuliko chumba. Mtu anaweka BTU 18,000 kwenye chumba kidogo anaona kajipendelea, kumbe inapoza haraka dakika chache inajizima, hewa haijawahi kukauka. Unakuwa na baridi ya pangoni, shuka zinanata. Nunua kipima unyevu kidogo, ni kitu cha bei rahisi na kinaingia mfukoni, lenga asilimia 60 kushuka chini. Ikiwa joto si kali ila hewa nzito, tumia ile alama ya tone la maji kwenye rimoti, inakausha zaidi kuliko kupoza. Makabati yasigusane na ukuta. Na ukisafiri wiki mbili usifunge kila kitu ukaondoka, acha hewa ipite au mtu awe anakuja kufungua.

Chumvi. Si maneno ya watu. Mawimbi yakipasuka yanarusha matone madogo sana, upepo unayabeba, yanakauka au yanabaki kama ute wa chumvi juu ya kila kitu. Chumvi ina tabia ya kunywa maji kutoka hewani, chumvi tupu inaanza kuloa yenyewe unyevu ukifika kama asilimia 75, na ya bahari inaanza mapema zaidi kwa sababu ina magnesiamu ndani yake. Kwa hiyo chuma chenye vumbi la chumvi kinakuwa kimelowa hata siku ambayo mvua haijanyesha, usiku na mchana, na kutu haihitaji zaidi ya hapo. Ndo maana ukienda kwenye hizo nyumba utaona kitu cha kushangaza, nondo ya dirisha iliyo nje inapigwa na mvua iko afadhali kuliko bawaba iliyojificha chini ya upenu. Mvua inasuuza, upenu unaitunza chumvi.

Mashine ya nje ya AC ndo inaumia kwanza. Ile sehemu ya nyuma yenye vibati vyembamba, fini, ni ya aluminiamu imebanwa kwenye bomba la shaba, na metali mbili tofauti zikishikana kwenye maji ya chumvi moja inaila nyingine, hapo anayeliwa ni aluminiamu. Ukiibonyeza kwa kidole kwenye mashine iliyochoka inamwagika unga mweupe. Fini zikiisha, joto halitoki, kompresa inahangaika masaa yote, na zile uniti nilizokupigia hapo juu unaweza kuzisahau, bili inapanda wakati chumba hakipoi. Wenye nyumba wengi wakisema AC ni nzima wanamaanisha inawaka.

Dawa yake ni ndogo, maji baridi ya bomba. Zima umeme kwenye breka, suuza mashine ya nje kwa maji ya kawaida yasiyo na presha kubwa yasije yakalaza fini, kila mwezi, na kama upo mstari wa mbele kabisa na mawimbi basi kila wiki mbili. Usitumie mashine ya kuoshea magari tafadhali. Ukinunua mpya chagua yenye fini zilizopakwa rangi ya kinga, ile ya bluu au ya dhahabu, haizuii milele lakini inaongeza miaka. Skrubu na bawaba zikibadilishwa weka stenlesi ya 316, ile ya 304 inayouzwa kila mahali itakuwa na madoa ya kahawia mapema tu.

Na umbali una maana kuliko brandi ya mashine. Chumvi hewani inapungua kwa kasi ukirudi nyuma, mita mia kadhaa kutoka kwenye mawimbi, mbele yako kukiwa na miti na nyumba za watu, ni maisha mengine kabisa. Mi ningekuwa wewe ningechukua nyumba ya mstari wa tatu au wa nne nikawa natembea kwenda beach. Pia bahari si moja, ufukwe unaopigwa na mawimbi makubwa unarusha chumvi nyingi kuliko ghuba iliyotulia.

Sasa kwa kuwa huwezi kufika kuikagua, mwambie mwenye nyumba akutumie picha, na picha zenyewe si za machweo. Taka ya fini za mashine ya nje kwa karibu, bawaba za dirisha linaloelekea baharini, sehemu ya chini ya mlango wa friji, boksi la breka likiwa wazi, nyuma ya kabati la nguo, na dari. Dari ni muhimu, bati lisilo na dari chini yake linakumwagia joto kichwani mpaka usiku na hakuna AC ya hospawa moja itakayoshinda hapo. Uliza chumba unachotaka kufanyia kazi kinaangalia wapi, kikiangalia magharibi saa za alasiri utaisoma namba. Na madirisha yawe pande mbili, mchana upepo unatoka baharini kwenda nchi kavu, usiku unageuka, chumba chenye dirisha upande mmoja kinakosa mmoja wapo. Halafu madirisha ya luva, yale ya vipande vya vioo, ni mazuri kwa upepo ila kwa AC ni sawa na kuacha wazi, hayazibi.

Picha ya mwisho ni lebo ya mashine ya nje. Ukikuta imeandikwa R-22 hiyo ni mashine ya kizamani, gesi yake inaondolewa duniani kwa Mkataba wa Montreal, ule wa kulinda tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zinatakiwa ziwe zimeiacha karibu yote ifikapo 2030, kwa hiyo kuijaza kunazidi kuwa ghali. Ikiwa R-32 au R-410A upo sawa. Na mtu yeyote akikwambia AC inatakiwa kuongezwa gesi kila mwaka, mkatalie. Gesi haitumiki ikaisha, inazunguka humo humo, ikipungua pana tundu, na pwani tundu linatokana na hiyo hiyo chumvi. Azibe kwanza ndo ajaze.

Kuhusu vyombo vyako, uza. Kwanza jua umeme wa kule. Mexico, Costa Rica na Panama wanatumia volti 120 hivi kwa hezi 60 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde), Thailand na Indonesia ni 220 hadi 230 kwa hezi 50, Ufilipino wana volti 220 na zaidi lakini hezi 60, na Brazil ndo kituko, mji mmoja 127 mji mwingine 220. Chaja ya laptop na ya simu soma nyuma, ikiwa imeandikwa 100–240V inakwenda popote, unabadilisha plagi tu. Kitu chenye mota au cha kuchemsha, yaani blenda, pasi, birika, mashine ya nywele, acha. Kukibebea transfoma ni kubeba chuma kizito kuliko chombo chenyewe, na transfoma inabadilisha volti, hezi inabaki ile ile, mota itazunguka kwa mwendo usio wake. Kinga ya kuzuia umeme kupanda nunua huko huko iendane na volti ya huko, na kama kisiwa kipo Karibiani, kuanzia Juni mpaka Novemba ni msimu wa vimbunga, radi zikianza chomoa kabisa AC na laptop, usitegemee swichi.

Muombe pia bili ya mwezi wa joto kali kuliko yote, siyo ya mwezi uliopita, akiituma gawanya kwa bei ya uniti ulinganishe na hizo 300 zangu. Lebo usipoielewa nitumie nikusomee.