Jiko la peleti si jiko la mkaa, usiliombe nyama choma

"Shemeji, hii nyama umeichoma au umeichemsha?"

Kaka wa mke wangu aliuliza hivyo akiwa ameshika ubavu wa mbuzi, watu wote uani wanasikia. Ilikuwa wiki ya kwanza ya jiko langu jipya hapa Columbus, Ohio, na nilikuwa nimejisifu kupita kiasi. Mbavu zilikuwa zimeiva, siwezi kusema uongo, lakini zilikuwa laini-laini, zimepauka, hazina zile kingo zilizoungua kidogo ambazo mtu wa Arusha akizikosa anaona kaibiwa.

Jiko halikuwa na kosa. Nililipatia kazi isiyo yake.

Jiko la peleti ni oveni ya kuni inayoendeshwa na umeme. Peleti zenyewe ni vumbi la mbao lililoshindiliwa hadi likawa vijiti vifupi vyenye unene wa kama milimita 6. Hazina gundi, zinashikana kwa lignini iliyomo ndani ya mbao. Unazimimina kwenye sanduku la pembeni, parafujo refu lililo ndani ya bomba linazisogeza taratibu hadi kwenye kikombe cha chuma, kijiti cha umeme kinaziwasha na feni inapuliza. Juu ya moto huo kuna bati la kukinga mafuta, kwa hiyo nyama na moto havionani. Joe Traeger wa Oregon ndiye aliyelibuni katikati ya miaka ya 1980, akiwa anatengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto, na kwa kweli ukilitazama unauona undugu.

Sasa fikiria ndafu. Mbuzi mzima wa harusini hachomwi kwa pupa. Fundi anakaa naye saa nyingi, moto wa mbali, anazungusha, anapaka. Jiko la peleti liko upande wa ndafu. Nilipoacha kulidai mishikaki na kuanza kulipatia mapaja na mabega, ndipo tulipoelewana.

Ninavyofanya siku hizi: bega la mbuzi lenye mfupa, kutoka bucha la halali. Usiku nalipaka chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga, nalilaza kwenye friji bila kulifunika. Asubuhi linatoka frijini moja kwa moja hadi jikoni, kwa sababu moshi hushika vizuri zaidi kwenye nyama ya baridi yenye unyevu. Joto naliweka 225 kwa vipimo vya hapa Marekani, yaani kama nyuzi 107 za Selsiasi. Ukianza na moto mkali moshi unakuwa haba, na umelipa hela ya kuni bure. Halafu nafunga mfuniko, naondoka. Kila unapofungua kuchungulia, joto linatoka na unaanza upya.

Kuna mahali utakata tamaa. Kipimajoto kikifika karibu nyuzi 70 katikati ya nyama kinaganda hapo, saa nzima, wakati mwingine zaidi. Siku ya kwanza nilidhani kimekufa. Kumbe nyama inatoa jasho, na jasho hilo linaipoza kwa kasi ileile ambayo jiko linaipasha. Usipandishe moto kwa hasira. Ifunge kwenye karatasi ya aluminiamu pamoja na vitunguu vilivyokatwa na maji kidogo, irudishe, isubiri ifike nyuzi 95 hivi. Hapo mfupa unachomoka kwa vidole viwili.

Na zile kingo za kuungua? Nina jiko dogo la mkaa pembeni. Nyama ikishaiva, dakika tatu kila upande juu ya makaa makali, basi. Shemeji hajauliza tena, ingawa sifa pia hajatoa.

Kuku ni habari nyingine. Kwa moto mdogo ngozi yake inakuwa kama mpira wa ndala, kwa hiyo yeye mpandishie hadi nyuzi 190, na mtoe paja likiwa limepita 74. Ukikuta rangi ya waridi chini ya ngozi usishtuke, ni kazi ya moshi. Shangazi yangu alinirudishia sahani: "Mwanangu, kuku huyu bado ana damu." Nilimchomekea kipimajoto mbele ya macho yake. Alikula, lakini alikula kwa mashaka.

Tatizo lililonitesa kuliko yote ni maji. Siku ya kipaimara cha mtoto wetu niliamka alfajiri kuwasha jiko, wageni wanakuja saa nane. Parafujo likanguruma mara mbili, likanyamaza. Wiki nzima mvua ilikuwa imenyesha na mimi nilikuwa nimeacha peleti ndani ya sanduku. Zilikuwa zimevimba, zikarudi kuwa vumbi la mbao, kisha zikakauka ndani ya bomba kama saruji. Nilichokonoa kwa bisibisi saa mbili na nusu, mke wangu akipita nyuma yangu bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema. Wageni walikula wali na kuku wa ovenini.

Tangu hapo peleti zangu zinakaa ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana, na nikimaliza kupika nalikomba sanduku. Kabla ya kumimina, vunja moja kwa vidole: nzima inakatika kwa mlio, iliyoharibika inafumuka. Na usinunue zile za kupashia nyumba joto kwa sababu tu ni rahisi. Hazikutengenezwa kwa ajili ya chakula.

Mengine kwa haraka. Usizime kwa kuchomoa waya, zima kwa kitufe uache feni imalizie peleti zilizobaki, la sivyo moto unaweza kurudi nyuma kwenye bomba. Moto ukizimika katikati ya mapishi, usibonyeze kuwasha tena papo hapo. Toa nyama, subiri lipoe, ondoa peleti zilizorundikana kwenye kikombe, maana rundo hilo likishika kwa mpigo unaweza kuona mfuniko unaruka. Majivu yafyonze yakiwa yamepoa kabisa, kila baada ya magunia mawili ya kilo 9. Mafuta yakiwaka ndani, funga mfuniko, kata umeme, na maji usiyaguse.

Wapo wanaoniuliza kama walitie jiko hili kwenye kontena la kwenda Dar. Mimi singelitia. Limeundwa kwa volti 120 na nyumbani ni 230, na umeme ukikatika mchana bega lako linabaki nusu mbichi juu ya kikombe kilichopoa. Halafu huko fundi wa ndafu yupo, unampigia simu tu.