Anthropolojia si mifupa tu, mkuu

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako akichukua anthropolojia chuoni atakuwa anasoma mifupa ya kale tu. Mifupa ipo, sikatai. Fuvu la zamadamu lililopatikana Olduvai mwaka 1959 atakutana nalo, na nyayo za kale za Laetoli pia. Ila hilo ni tawi moja. Kuna akiolojia, kuna lugha, halafu kuna jamii na utamaduni, ambako ndiko muda mwingi unaishia: ukoo na mahari, dini, uganga, afya, siasa, uhamiaji.

Mimi kozi ilinikolea siku tulipotumwa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, na daftari, tukaambiwa saa mbili za mwanzo tusiulize kitu. Tukae, tuangalie. Nikamwona mama wa dagaa anampimia mteja, kisha anamwongezea kiganja juu. Aliyefuata hakuongezewa hata chembe. Kumbe wa kwanza ni shemeji yake, na wanakopeshana tangu zamani. Kazi yangu yote ya somo la uchumi na undugu ilitoka kwenye kile kiganja. (Mabondo ya sangara, yaani vibofu vyao vya hewa, sikuyagusa; wanaoyauza hawapendi maswali.)

Akipenda ngoma, ushindani wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, uko hapo Bujora, karibu na Mwanza, wakati wa sikukuu ya Bulabo, mwezi Juni. Aende na daftari.

Kazi? Tangazo la "anahitajika mwanaanthropolojia" asilisubiri. Wenzangu wengi wako kwenye miradi ya afya na utafiti. Takwimu asizikimbie, mimi nilizikimbia na bado zinanidai.