Orodha ya Shanghai haipimi ufundishaji

Hapana ndugu, unasema chuo kisichokuwemo kwenye orodha ya Shanghai, ile inayopanga vyuo vikuu bora duniani, kinafundisha vibaya, lakini kukosekana huko si ushahidi. Orodha hiyo, iliyoanza 2003, haiingii darasani kabisa. Kuna kigezo wanachokiita ubora wa elimu, asilimia 10 ya alama, lakini kinachohesabiwa hapo ni wahitimu waliopata Nobel au nishani ya Fields ya hisabati. Walimu wenye tuzo za aina hiyo ni asilimia 20 nyingine. Zinazobaki karibu zote ni utafiti: wanasayansi wanaonukuliwa sana, makala katika majarida ya Nature na Science, na wingi wa machapisho kwa jumla. Mgawanyo huo wameuweka wazi wenyewe kwenye maelezo ya mbinu zao, usome.

Kwa hiyo mdogo wako anayechagua kati ya Dar es Salaam na Dodoma aangalie walimu wa kozi yake, maabara, ada na nafasi ya mkopo. Ila kama anatafuta pa kufanyia uzamivu wa fizikia au kemia, hapo orodha hiyo ina maana, maana nguvu ya utafiti ndiyo anayoifuata.