Unataka kazi ya kupima vumbi la nyuklia? Anza na sampuli tupu

Karibu kila mwezi napata ujumbe wa namna hii: "Shikamoo dada. Nimemaliza digrii ya kemia, nataka kufanya kazi ya nyuklia kama wewe. Nianzie wapi?" Marahaba, wadogo zangu. Nimeona niandike mara moja, kwa sababu jibu langu ni lilelile na wengi halijawafurahisha. Wanategemea niwaambie wakasome fizikia ya vinu vya nyuklia. Mimi nawauliza: maabara uliyopo sasa, mara ya mwisho ulipima sampuli tupu (ile inayopitishwa hatua zote bila kuwekewa kitu cha kupimwa) lini, na uliandika nini?

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana wengine wanadhani tunatengeneza mabomu na wengine wanadhani tunayategua.

Nchi zisizo na silaha za nyuklia zilizo ndani ya Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia hutangaza urani na plutoni (metali za kuendeshea vinu au kutengenezea mabomu) walizonazo na wanachozifanyia. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lenye makao Vienna, huenda kuhakiki. Kwa miaka mingi uhakiki ulikuwa hasa wa mahesabu: umesema una kiasi hiki, hebu tukione. Baada ya vita vya Ghuba mwaka 1991 ikajulikana kwamba Iraki ilikuwa na mpango mkubwa wa siri, na vile ilivyokuwa imevitangaza vilikuwa vikikaguliwa vizuri tu muda wote huo. Mahesabu yalikuwa sawa. Kilichokosekana ni njia ya kuuliza juu ya kile ambacho hakikutangazwa. Hapo ndipo vumbi lilipoanza kuchukuliwa kama shahidi, na katikati ya miaka ya 1990 maabara safi, yaani iliyozuiwa vumbi la nje, ikaanza kazi Seibersdorf, kijiji cha mashamba kilicho kama kilomita 35 kutoka Vienna.

Shahidi mwenyewe hukusanywa kwa kitambaa cha pamba cheupe, sentimita 10 kwa 10. Wakaguzi huenda wawili. Mmoja anashika vya nje: begi, fomu, kalamu. Mwingine, mwenye glavu mpya, hagusi kitu chochote isipokuwa kitambaa. Anafuta juu ya fremu ya mlango, kwenye matundu ya hewa, mguu wa meza, mahali ambapo mfagizi hafiki. Anakikunja upande uliofuta ukae ndani, kinaingia kwenye mfuko wa zipu, na mfuko huo unaingia kwenye mwingine. Glavu zinatupwa, wanahamia sehemu nyingine na glavu mpya. Ukitazama kwa mbali utadhani ni watu wa usafi wenye urasimu mwingi.

Chembe tunayoitafuta kwenye kitambaa hicho inaweza kuwa na upana wa maikromita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya mita. Unywele wa binadamu una maikromita 50 na kuendelea. Chembe ya oksidi ya urani ya ukubwa huo ina uzito wa pikogramu 5 au 6, maana yake gramu moja ingetoa chembe kama hizo zaidi ya bilioni 150. Ndiyo maana mtu hawezi kusafisha jengo akamaliza. Na ndiyo maana pia swali ambalo mama yangu haachi kuniuliza, "Mwanangu, hiyo mionzi haikudhuru?", nalijibu kwa kicheko. Kwenye maabara safi hofu ni kwamba sisi ndio tutaidhuru sampuli.

Basi tunavaa kwa ajili yake. Viatu vya nje vinabaki upande mmoja wa benchi, unavuka miguu ukitua kwenye viatu vya ndani. Kofia ya wavu, kisha ovaroli isiyotoa nyuzi, kisha glavu, kisha glavu juu ya glavu. Karatasi ya kawaida haiingii, penseli haiingii. Wanja na poda vinabaki nyumbani, na mafuta mazito ya ngozi pia, jambo ambalo wakati wa baridi ya Austria ni mateso ya kweli kwa ngozi yetu. (Nywele za kusuka zinaingia, mradi kofia ienee. Hijabu nayo inawezekana, huvaliwa ndani ya ovaroli. Naulizwa sana hilo.) Hewa inapita kwenye vichujio bila kukoma, na mtu aliyetoka kushika urani ya kupimwa kwa gramu hapaswi kukanyaga hapo.

Sasa nirudi kwenye sampuli tupu. Urani imejaa duniani. Kilo moja ya udongo wa kawaida, wa shambani kwenu au wa bustani ya Vienna, huwa na miligramu 2 au 3 za urani ya asili. Pamba nayo inayo, kwa nanogramu. Asidi inayo kidogo. Kwa hiyo swali la mchambuzi haliwi "je, kuna urani?" Ipo. Swali ni kama urani uliyoipata imetoka kwa mtuhumiwa au imetoka kwako. Njia pekee ya kujua ni kuchukua kitambaa kilekile, mifuko ileile, asidi ileile, ukakipitisha hatua zote bila kukigusisha mahali popote, kisha ukapima. Hiyo ndiyo sampuli tupu. Asiyeijua sampuli tupu yake hana matokeo, hata awe na mashine ya mamilioni ya yuro.

Mashine zenyewe nitazipitia haraka, maana hizo utafundishwa. Kitambaa kikifika kina namba tu, na maabara za mtandao wa IAEA katika nchi wanachama zinazopokea sehemu ya sampuli haziambiwi ilikotoka. Kwanza kinapimwa bila kuguswa, kwa mionzi ya gama na kwa eksirei, tujue tunashika nini. Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukichoma na kukiyeyusha chote kwa asidi, kutenganisha urani na plutoni, na kupima wastani wa kitambaa kizima. Ya pili ni kufyonza chembe na kuzitua kwenye kisahani cha kaboni, kisha boriti ya ayoni za oksijeni inakipitia kisahani chote, inazitafuta chembe za urani, na spektromita ya masi, mashine ya kutenganisha atomi kwa uzito, inapima isotopi (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti) za chembe mojamoja. Wastani unaficha mambo: chembe moja ya urani iliyorutubishwa sana, yaani iliyoongezewa sana isotopi ya urani-235, inapotea kabisa ndani ya vumbi la kawaida. Ukipima moja baada ya nyingine, inajitokeza.

Kama kuna kisa kimoja ambacho ningependa kila mchambuzi kijana akijue, kinatoka Afrika, kwenye mgodi wa Oklo nchini Gabon. Mwaka 1972, katika kiwanda cha kurutubisha urani cha Pierrelatte huko Ufaransa, urani iliyotokana na madini ya Gabon ilipimwa kama kawaida. Sehemu ya urani-235 katika urani ya asili ni atomi 0.7202 katika kila 100, na hiyo haibadiliki ukichimba Kongo, Kanada au Namtumbo, Tanzania. Kipimo kilisema 0.7171. Tofauti iko kwenye tarakimu ya tatu baada ya nukta. Wengi wetu tungepigia makadirio, tukaandika 0.72 na kwenda kunywa chai. Huko wakarudia kipimo, wakafuatilia nyuma hatua kwa hatua mpaka mgodini, wakakuta sehemu ambazo urani-235 ilikuwa imepungua zaidi, na mabaki ya elementi zinazozaliwa atomi za urani zinapopasuka. Takriban miaka bilioni 2 iliyopita ardhi ya Gabon ilikuwa na kinu cha nyuklia cha asili, kikijiendesha chenyewe kwa maji ya ardhini.

Ule ugunduzi ulianza kwa mtu aliyejua mashaka ya kipimo chake, yaani kinaweza kukosea kwa kiasi gani, vizuri kiasi cha kutoweza kuipuuza tofauti ya 0.0031. Angekuwa na sampuli tupu chafu au chati ya udhibiti (ya kufuatilia kama vipimo vinayumba) iliyojazwa kwa kukisia, asingekuwa na haki ya kushangaa.

Upande wa pili wa ujuzi huo ni kutosema zaidi ya chembe. Mwaka 2003 wakaguzi walichukua sampuli kwenye karakana ya Kalaye Electric mjini Tehran. Walipofika, jengo lilikuwa limeshakarabatiwa sana, lakini chembe za urani iliyorutubishwa sana zilipatikana hata hivyo. Irani ikasema vumbi hilo lilikuja na vipuri vya mashine za kurutubisha urani vilivyonunuliwa nje. Jibu rahisi lingekuwa kwamba huo ni uongo. Mwaka 2005 Pakistan ilipeleka vipuri vya aina hiyo Vienna, vikafutwa vumbi na kulinganishwa, na ripoti ya IAEA ya Septemba mwaka huo ikasema matokeo kwa jumla yanaelekea kuunga mkono maelezo ya Irani kuhusu asili ya sehemu kubwa ya chembe hizo. Chembe ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo: nimerutubishwa kwa kiwango hiki. Haikusema nani alinirutubisha.

Au chukua Januari 2023, kituo cha kurutubisha urani cha Fordow, Irani. Zilipatikana chembe za asilimia 83.7, wakati kiwango kilichotangazwa kilikuwa 60. Irani ikasema kiwango kiliyumba bila kukusudiwa. Kwenye magrupu ya WhatsApp habari ilifika ikiwa "Irani imeshapata urani ya bomu". Binamu zangu walinitumia wakitaka nithibitishe. Mchambuzi mzuri hapo ananyamaza, kwa sababu mbili: ameapa kutunza siri, na chembe si shehena. Wenye kazi ya kuunganisha vipimo na picha za setilaiti, hesabu na maelezo ya nchi ni watu wengine. Wewe unatoa namba na mashaka yake. Kama tabia yako ni kutaka kuwa wa kwanza kuposti, tafuta kazi nyingine, nakwambia kwa upendo.

Na ujiandae kwa jambo ambalo hakuna anayelisema kwenye mahojiano: sampuli nyingi zinaonyesha kilekile kilichotangazwa. Utapima wiki nzima kwa uangalifu mkubwa na jibu litakuwa kwamba hakuna cha ajabu. Wapo waliochoka kwa hilo wakaondoka. Mimi nalipenda, kwa sababu nchi iliyosema kweli nayo inastahili mtu wa kuithibitisha.

Kwa hiyo uanzie wapi, ukiwa Dodoma, Eldoret au Lubumbashi? Popote panapopimwa vitu vidogo. Maabara ya maji. Maabara ya udongo na madini. Ukipata nafasi Tume ya Nguvu za Atomiki pale Arusha, au Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, vizuri sana, lakini usikae nyumbani ukizisubiri. Mimi nilijifunza kushuku kwenye maabara moja ya madini ya dhahabu. Sampuli tupu zetu zilikuwa safi asubuhi na chafu mchana. Watu walilaumu asidi, wakabadilisha chupa, wapi. Tulipozichora kwa saa badala ya tarehe ikaonekana zinapanda kila mashine ya kusaga mawe inapowashwa chumba cha pili. Vumbi lilikuwa linapita chini ya mlango, na kwenye sakafu palikuwa na mstari wa kijivu ambao sote tulikuwa tunauruka kila siku. Ukikaa mbele ya watu wa Seibersdorf na kisa kama hicho, chenye grafu, umewaambia zaidi ya cheti cha kozi ya mtandaoni.

Pima sampuli tupu kwa kila kundi la sampuli hata kama bosi anasema ni kupoteza asidi. Jifunze kukokotoa mashaka ya kipimo kwa mkono kabla ya kuiachia programu. Jifunze ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, kwa vitendo, kwa kuandika taratibu na kukaguliwa. Shika ICP-MS, mashine ya kupima elementi zilizo kwa kiasi kidogo sana, popote utakapoiona, hata kwa kuosha koni zake. Na jifunze kuandika ripoti fupi ya Kiingereza isiyo na sifa wala mbwembwe.

Wasichana, tazameni ufadhili wa IAEA uitwao Marie Skłodowska-Curie, ulioanza 2020. Unalipia shahada ya uzamili kwa wanawake katika fani za nyuklia, na uhakiki umo. Wahitimu wa nchi zinazoendelea pia wana programu yao ya mafunzo ya uhakiki ndani ya IAEA, ya miezi kadhaa.

Mjue pia kwamba ajira ya kitaalamu pale ni ya mkataba, na kwa kawaida haivuki miaka 7. Hamhamii. Anayejenga maisha kana kwamba atastaafia Vienna huumia mwaka wa sita. Kijerumani hakihitajiki maabara lakini kinahitajika kwa daktari wa mtoto na kwa mwenye nyumba, basi anza mapema.

Nafasi zote hutangazwa kwenye tovuti ya IAEA yenyewe. Kuomba ni bure, na majibu huchukua miezi. Hakuna wakala Dar wala Nairobi mwenye "mtu wa ndani", na anayekuomba pesa ya fomu, ya vipimo vya afya au ya viza kabla hujapewa mkataba ni tapeli. Mblokie.